Tuzo kama Uhakiki: Tuzo ya Hugo na Tamthilia za Televisheni za Kisayansi na Kifantasia

1.0 Utangulizi

Habari za tuzo za sanaa huandikwa zaidi katika magazeti kuliko katika majarida ya kitaaluma. Mwandishi wa habari hutaka kujua nani ameshinda na nani ameshindwa. Mhakiki naye mara nyingi huyaona mambo hayo kuwa ni ya kibiashara na kuyaacha yapite. Makala hii inashikilia msimamo tofauti. Tunadai kwamba tuzo ni tendo la uhakiki. Kabla ya kura ya kwanza kupigwa, kanuni za tuzo huwa zimekwisha kuamua mambo matatu ambayo kila nadharia ya fasihi hulazimika kuyaamua: ni kazi zipi zihesabiwe kuwa za utanzu fulani, kazi moja huanzia wapi na kuishia wapi, na nani aitwe mtunzi wake. Uamuzi huo ukikosewa, kura zaweza kuhesabiwa kwa uaminifu mkubwa na bado kinachotuzwa kikawa si kile kilichokusudiwa.

Ili kulithibitisha dai hili tutachunguza Tuzo ya Hugo ya Onyesho la Kitamthilia. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni ya siku nyingi, na matokeo yake ya kila mwaka yanajulikana. Pili, tuzo hii imepokea filamu, tamthilia za televisheni, sahani za muziki na hata matangazo ya habari, kwa hiyo imelazimika kuyakabili wazi maswali ambayo tuzo nyingine zimeweza kuyakwepa.

Istilahi chache zahitaji kufafanuliwa. Kwa "bunilizi ya kisayansi" tunamaanisha masimulizi ya kubuni ambayo ulimwengu wake umetofautiana na wetu kwa sababu inayodaiwa kuwa ya kisayansi. "Fantasia" ni masimulizi ambayo tofauti hiyo haidai sababu ya namna hiyo. "Kipindi" ni sehemu moja inayorushwa hewani kwa mkupuo mmoja. "Msimu" ni jumla ya vipindi vya duru moja ya matangazo. Na "mfululizo" ni jumla ya vipindi vyote vyenye jina moja.

Maswali haya si mageni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Anayekusanya ngano hujiuliza kama masimulizi mawili ya fanani wawili ni ngano moja au mbili. Anayehariri utendi wenye nakala kadhaa zinazohitilafiana hulazimika kuamua ipi aiite kazi ya mtunzi. Televisheni imeyarudisha maswali hayo kwa sura mpya.

2.0 Asili na Utaratibu wa Tuzo

Tuzo ya Hugo imepewa jina la Hugo Gernsback (1884-1967), mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani na kuanzisha jarida la Amazing Stories mwaka 1926, jarida lililojishughulisha na bunilizi za kisayansi peke yake. Tuzo zilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 mjini Philadelphia, katika mkutano mkuu wa dunia wa wapenzi wa bunilizi hizo. Mwaka 1954 hazikutolewa. Tangu 1955 zimekuwa zikitolewa kila mwaka.

Wapiga kura ni wanachama wa mkutano huo, yaani mtu yeyote aliyelipa ada ya uanachama. Upigaji kura una hatua mbili. Katika hatua ya kwanza kila mwanachama hupendekeza kazi zisizozidi tano, na zilizopendekezwa na wengi huingia katika orodha ya mwisho. Katika hatua ya pili mpiga kura hazipi kura kazi zote kwa usawa, bali huzipanga kwa kufuata anavyozipenda. Kazi yenye kura chache kabisa za nafasi ya kwanza huondolewa na kura zake huhamishiwa kwa kazi inayofuata katika mpango wa kila mpiga kura. Zoezi hurudiwa mpaka kazi moja ipate wingi wa kura. Aidha, karatasi ya kura ina chaguo liitwalo "Hakuna Tuzo", ambalo nalo laweza kushinda. Katika fungu la maonyesho ya kitamthilia chaguo hilo lilishinda mwaka 1959, 1963, 1971 na 1977. Hili si jambo dogo. Hadhira imepewa haki ya kusema kwamba mwaka fulani haukuzaa kazi inayostahili, haki ambayo majopo mengi ya waamuzi huona haya kuitumia.

Utaratibu huu watofautiana na ule wa tuzo za Emmy, zilizoanza kutolewa Marekani mwaka 1949, ambazo hupigiwa kura na watu wa tasnia ya televisheni wenyewe: fundi humhukumu fundi mwenzake. Zipo pia tuzo za Saturn, zitolewazo na chuo cha filamu za kisayansi, kifantasia na za kutisha kilichoanzishwa mwaka 1972 na Donald A. Reed, ambazo zilianza na filamu na baadaye zikapanuliwa kuingiza televisheni.

Tofauti ya waamuzi huzaa tofauti ya hukumu. Mfululizo wa The Twilight Zone wa Rod Serling ulipata Tuzo ya Hugo miaka mitatu mfululizo, 1960, 1961 na 1962, na Serling akapata Emmy ya uandishi mwaka 1960 na 1961. Hapo fundi na hadhira walikubaliana. Lakini Star Trek, iliyoanza kurushwa Septemba 1966, iliingia katika orodha ya Emmy ya tamthilia bora mwaka 1967 na 1968 bila kushinda, ilhali miaka hiyohiyo miwili ilipata Tuzo ya Hugo. Iliwachukua watu wa tasnia muda mrefu kuipa fantasia heshima yao ya juu mara kwa mara, kama walivyofanya kwa Game of Thrones iliyoshinda Emmy ya tamthilia bora mwaka 2015, 2016, 2018 na 2019.

3.0 Mpaka wa Utanzu

Swali la kwanza ni la utanzu. Mtu angetarajia kwamba tuzo ya bunilizi ya kisayansi ingetolewa kwa bunilizi. Hata hivyo, mwaka 1970, katika mkutano uliofanyika Heidelberg, Ujerumani, mshindi alikuwa ni matangazo ya habari ya televisheni kuhusu safari ya Apollo 11, ambayo Julai 1969 iliwafikisha binadamu mwezini. Hapakuwa na mswada wa kubuni wala wahusika wa kubuni. Tukio lenyewe lilikuwa la kweli.

Uamuzi huo haukuwa wa bahati mbaya. Orodha za mwisho za miaka iliyofuata zaonyesha mwelekeo uleule. Mwaka 1981 iliingia Cosmos, mfululizo wa kielimu wa mwanafalaki Carl Sagan. Mwaka 1984 iliingia filamu ya The Right Stuff, mwaka 1996 Apollo 13, na mwaka 2017 Hidden Figures, zote zikisimulia historia halisi ya safari za anga za Marekani. Upande wa pili, mwaka 2012 iliingia "Remedial Chaos Theory", kipindi cha mfululizo wa vichekesho uitwao Community, ambao kwa kawaida hauna sayansi wala fantasia. Kipindi hicho kilionyesha jinsi jioni moja ya marafiki ingeweza kuchukua njia mbalimbali kulingana na rusho la dadu.

Mifano hii yaweza kufasiriwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kwamba wapiga kura hawana nidhamu ya kinadharia, na kwamba wanatuza chochote wanachokipenda. Ya pili ni kwamba wanatumia kigezo ambacho hakijaandikwa. Sisi twaunga mkono fasiri ya pili, ingawa kwa tahadhari. Matangazo ya Apollo 11 na kipindi cha Community havifanani kwa fani, kwa mandhari wala kwa ukweli wa yaliyosimuliwa. Vinafanana kwa jambo moja: kila kimoja kinamweka mtazamaji mbele ya mpaka wa yawezekanayo na kumwonyesha mpaka huo ukisogea. Ikiwa hivyo ndivyo, basi hadhira hii haiuelewi utanzu kama orodha ya vifaa, yaani vyombo vya anga, mazimwi na mashine za wakati. Inauelewa kama uhusiano baina ya kazi na mtazamaji wake.

Faida ya mtazamo huo ni kwamba unaeleza kwa nini kazi iliyojaa vyombo vya anga yaweza kukataliwa na isiyo na hata kimoja ikakubaliwa. Hasara yake ni kwamba hauna kingo. Kigezo kinachoweza kuipokea taarifa ya habari, sahani ya muziki na kichekesho kwa pamoja chaweza kuishia kupokea kila kitu, na utanzu unaopokea kila kitu umeacha kuwa utanzu. Inaelekea wapiga kura wenyewe wanalihisi hilo. Kati ya kazi tulizozitaja, ni matangazo ya 1970 peke yake yaliyoshinda. Nyingine zilifikishwa mlangoni, zikaheshimiwa kwa kuorodheshwa, na hazikuvuka.

4.0 Kipimo cha Kazi

Swali la pili ni la kipimo. Riwaya ina jalada la mbele na la nyuma, na filamu ina mwanzo na mwisho wake. Mfululizo wa televisheni hauna ukamilifu wa namna hiyo. Je, kinachotuzwa ni kipindi kimoja, msimu, au mfululizo mzima?

Historia ya tuzo hii yaonyesha kusitasita. Kati ya 1960 na 1962 The Twilight Zone ilituzwa kama mfululizo. Mwaka 1967 na 1968 Star Trek ilituzwa kwa kipindi kimojakimoja, kwanza "The Menagerie", kisha "The City on the Edge of Forever". Matokeo ya kubadili kipimo yalionekana mara moja: mwaka 1968 nafasi zote tano za orodha ya mwisho zilishikwa na vipindi vya Star Trek. Hadhira ilikuwa huru kuchagua, lakini mfululizo ulikuwa mmoja tu. Hali hiyo haiwezi kujirudia sasa, kwani kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2017 hairuhusu mfululizo mmoja kushika zaidi ya nafasi mbili.

Baada ya 1968 mambo yaligeuka. Ukiondoa matangazo ya Apollo 11, hakuna kazi ya televisheni iliyoshinda mpaka mwaka 1993, kiposhinda "The Inner Light", kipindi cha Star Trek: The Next Generation. Kwa robo karne tuzo ilikuwa mali ya filamu: Star Wars mwaka 1978, Alien mwaka 1980, Blade Runner mwaka 1983, na nyinginezo. Kusema kwamba miaka yote hiyo televisheni haikutoa kazi nzuri ni kurahisisha mambo. Sababu mojawapo imo katika kipimo chenyewe. Kipindi cha chini ya saa moja, kinachowategemea wahusika waliojengwa katika vipindi vingine, kilishindanishwa na filamu ya saa mbili iliyokamilika. Huko ni kumpambanisha mtunzi wa shairi na mtunzi wa riwaya kisha kuhesabu kurasa.

Dosari hiyo ilirekebishwa mwaka 2003 kwa kuligawa fungu mara mbili, maonyesho marefu na maonyesho mafupi, mpaka ukiwa takriban dakika 90. Msimu mzima waweza kuhesabiwa kuwa onyesho refu, kama ulivyofanya msimu wa kwanza wa Game of Thrones ulioshinda mwaka 2012. Vipindi vimejaa katika fungu la maonyesho mafupi, ambako Doctor Who ya Uingereza ilishinda mara sita kati ya 2006 na 2012.

Hata hivyo kila kipimo kina upendeleo wake. Kanuni inayotaka kipindi kimoja kihukumiwe peke yake huwa imekipendelea kipindi kinachoweza kusimama peke yake. Katika "The Inner Light" Kapteni Picard anaishi maisha mazima ya mtu wa sayari iliyokufa zamani, anaoa, anapata watoto, anazeeka, kumbe katika chombo chake zimepita dakika 25 tu. Katika "Blink", kipindi cha Doctor Who kilichoshinda mwaka 2008, mhusika mkuu wa mfululizo haonekani sana, na kisa chabebwa na msichana ambaye mtazamaji hajawahi kumwona. "Long, Long Time" ya mfululizo wa The Last of Us, iliyoshinda mwaka 2024, inaliacha simulizi kuu na kueleza maisha ya wanaume wawili waliopendana na kuzeeka pamoja dunia ilipokuwa ikiporomoka. Vyote vitatu ni visa vilivyo ndani ya kisa kikubwa, vyenye mwanzo, kilele na mwisho wao, mfano wa hadithi moja iliyochomolewa katika Alfu Lela Ulela.

Hatudai kwamba hii ndiyo njia pekee ya kushinda. "Severed Dreams" ya Babylon 5, iliyoshinda mwaka 1997, na "The Rains of Castamere" ya Game of Thrones, iliyoshinda mwaka 2014, hupata uzito wao kutokana na yale yaliyotangulia. Asiyeyajua hayo ataona mapigano na vifo asivyojua avililie kwa nini. Tunachodai ni kwamba kipindi cha namna hii ya pili kinaposhinda, kura kwa kweli zimepigiwa mfululizo, na kipindi kimekuwa wakili wake tu. Mhakiki asiyetofautisha hali hizi mbili atasifu muundo wa kipindi kwa sifa isiyokuwa yake.

5.0 Mtunzi ni Nani?

Swali la tatu, ambalo ndilo gumu kuliko yote, laonekana vizuri katika mshindi wa mwaka 1968. Kisa cha "The City on the Edge of Forever", kama kilivyorushwa hewani Aprili 6, 1967, ni hiki. Daktari McCoy, akiwa amerukwa na akili kwa dawa aliyojidunga kwa bahati mbaya, anapita katika lango la wakati na kuibadili historia. Kapteni Kirk na Spock wanamfuata mpaka New York ya mwaka 1930. Huko Kirk anampenda Edith Keeler, mwanamke anayeendesha nyumba ya kuwasaidia maskini. Kisha yanagunduliwa makubwa. Edith hana budi kufa katika ajali ya barabarani, kwa sababu akiishi, harakati zake za kutetea amani zitaichelewesha Marekani kuingia vitani na Ujerumani itashinda Vita vya Pili vya Dunia. Ajali inapotokea, McCoy anakimbia kumwokoa, na Kirk mwenyewe anamzuia.

Jina lililotokea kwenye kioo ni la Harlan Ellison peke yake. Lakini mswada wa Ellison ulikuwa umeandikwa upya na watu kadhaa, miongoni mwao Gene Roddenberry, mwanzilishi wa mfululizo, Gene L. Coon na D. C. Fontana. Ellison alichukizwa kiasi cha kutaka jina lake liondolewe na badala yake litumike jina la kupanga, ombi ambalo halikukubaliwa. Katika mswada wake anayeivuruga historia si daktari bali ni baharia mwovu anayeuza dawa za kulevya, na wakati wa ajali Kirk anashindwa. Mapenzi yanamfunga mikono, na ni Spock anayezuia Edith asiokolewe.

Tofauti hii si ya mapambo. Matini hizi mbili zina tanzia mbili. Katika onyesho, shujaa anautambua wajibu, anautekeleza, na kuutekeleza huko ndiko kunakomvunja. Katika mswada, shujaa anautambua wajibu na hawezi kuutekeleza. Dunia inaokolewa na mwenzake asiye na mapenzi hayo. Kirk wa kwanza ni shujaa anayelipa gharama ya ushujaa wake. Kirk wa pili ni binadamu ambaye ushujaa umemwisha pale ulipohitajika. Msomaji aweza kupendelea mmoja au mwingine, lakini hawezi kusema kwamba amesoma kazi moja.

Zikatolewa tuzo mbili. Chama cha waandishi wa miswada cha Marekani kiliutuza mswada wa Ellison kama alivyouandika mwenyewe. Wapiga kura wa Hugo walilituza onyesho kama lilivyorushwa. Anwani ni moja na jina la mtunzi ni moja, lakini kazi ni mbili na waamuzi ni wa aina mbili. Mabishano kuhusu nani alikuwa na haki yaliendelea kwa miongo kadhaa, na mwaka 1996 Ellison alichapisha mswada wake katika kitabu, pamoja na malalamiko yake marefu.

Kwa maoni yetu mabishano hayo hayakuwa na mwisho kwa sababu swali liliulizwa vibaya. Ni kweli kwamba mtunzi wa mswada ni Ellison. Ni kweli pia kwamba onyesho ni zao la kundi: waandishi walioubadili mswada, mwongozaji Joseph Pevney, waigizaji na wahariri. Wataalamu wa fasihi simulizi wamekwisha kuzoea kutenganisha matini na utendaji, na kukubali kwamba fanani anayeisimulia ngano upya ana sehemu yake katika utunzi. Tofauti moja lakini haina budi kukumbukwa. Fanani hurithi ngano ambayo kwa kawaida haina mwenyewe anayejulikana. Waliouandika upya mswada huu waliuchukua mkononi mwa mtu aliye hai, aliyekataa. Dhana ya utunzi wa pamoja hutufafanulia jinsi onyesho lilivyopatikana. Haitoi jibu la kimaadili kuhusu idhini. Mambo hayo mawili yakichanganywa, nadharia hugeuka kuwa kisingizio.

6.0 Hadhira na Lugha

Tumekuwa tukisema "hadhira" kana kwamba ni moja na kana kwamba ni ya ulimwengu mzima. Uanachama uko wazi, lakini una ada, na mpaka mwaka 2025 mkutano huo ulioitwa wa dunia haukuwa umewahi kufanyika katika bara la Afrika. Sehemu kubwa umefanyika Marekani. Ulifika Yokohama mwaka 2007 na Chengdu mwaka 2023.

Hata hivyo Kiswahili kilikwisha kufika huko kabla ya Waswahili. Afisa wa mawasiliano katika Star Trek, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, anaitwa Uhura. Nichols ameeleza kwamba alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, ya mwaka 1962, na kwamba Roddenberry alilipenda neno hilo na kulibadili kidogo ili liwe jina la kike. Mabadiliko hayo yanavutia kiisimu. Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. Katika "uhuru" kiambishi ni u- cha nomino dhahania, na shina ni -huru, lenye asili ya Kiarabu. Irabu ya mwisho ni sehemu ya shina. Kuiondoa na kuweka -a ili kuonyesha uke ni kulitendea neno la Kiswahili kama la Kilatini. Jina linalotoka na maana ya kutotawaliwa likaingizwa katika sarufi ya wengine.

Lugha yenyewe pia ilisikika. Katika "The Man Trap", kipindi cha kwanza kurushwa hewani, kiumbe mwenye uwezo wa kujigeuza anamjia Uhura kwa sura ya mwanamume Mwafrika na kumsemesha Kiswahili. Katika "The Changeling" ya mwaka 1967, Uhura aliyefutwa kumbukumbu anafundishwa upya kusoma Kiingereza, na akikwama anarejea Kiswahili. Kwa mtazamaji wa Marekani maneno hayo yalikuwa sauti ya umbali tu. Kwa mtazamaji wa Mombasa au Dar es Salaam yangekuwa maneno yenye maana, yawezayo kupimwa kwa usahihi na lafudhi. Vipindi hivyo viwili havikuingia katika orodha za mwisho za 1967 na 1968, na hatudai kwamba vilistahili. Tunasema tu kwamba kulikuwa na jambo ndani yake ambalo wapiga kura wa wakati ule hawakuwa na masikio ya kulisikia.

Nguvu ya hadhira ndogo imejidhihirisha pia kwa njia nyingine. Mwaka 2015 vikundi vilivyopiga kura kwa mpango vilijaza orodha za mwisho kwa kazi walizoziteua, na wanachama wengine wakajibu kwa kulipa ushindi chaguo la "Hakuna Tuzo" katika mafungu matano. Kuhusu mkutano wa 2023, takwimu zilizotolewa Januari 2024 zilionyesha kwamba kazi kadhaa ziliondolewa bila maelezo ya kuridhisha, zikiwamo riwaya ya Babel ya R. F. Kuang na kipindi kimoja cha mfululizo wa The Sandman. Mara ya kwanza tatizo lilitokana na wapiga kura. Mara ya pili lilitokana na wasimamizi. Katika hali zote mbili lililokuwa likigombewa ni mamlaka ya kuamua ni kazi zipi zihesabike.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba Tuzo ya Hugo ya Onyesho la Kitamthilia haikuwahi kupima ubora peke yake. Iliposhinda taarifa ya Apollo 11, ilitoa hukumu kuhusu utanzu. Ilipohama kutoka mfululizo kwenda kipindi, na ilipogawanywa mwaka 2003, ilitoa hukumu kuhusu kipimo cha kazi. Ilipotuza onyesho ambalo mwenye mswada alilikana, ilitoa hukumu kuhusu utunzi. Na nyuma ya hukumu hizo zote ilikuwapo hadhira yenye mahali pake, lugha yake na ada yake.

Kwa watafiti wa tamthilia za televisheni za Kiswahili twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila uhakiki utaje wazi kama unahukumu kipindi, msimu au mfululizo, na usihamishe sifa za kimoja kwenda kwa kingine. Pili, pale inapowezekana mswada ulinganishwe na onyesho, na miswada ihifadhiwe kwa ajili hiyo; bila mswada wa Ellison tusingejua kwamba Kirk wako wawili. Tatu, tamthilia zenye majini, mizimu au ulimwengu wa baadaye zisipokewe kwa istilahi za kigeni kabla ya kuulizwa hadhira yake inaziona ni nini. Ambacho mhakiki wa California atakiita fantasia, mtazamaji wa Pwani aweza kukichukua kuwa ni habari ya jirani. Utafiti wa kupima mpaka huo, kwa kuwauliza watazamaji wenyewe, ungekuwa mchango ambao tuzo yoyote ya baadaye ingeuhitaji kabla ya kuandika kanuni yake ya kwanza.